Nusu ya Pili Haijafika

Tanga, 14 Julai 1960

Kwa dada yangu Kazija binti Mjaka, Vitongoji, Pemba.

Assalaam alaykum, na Mungu aiweke salama nyumba nzima. Mimi ni mzima. Kifua kimeacha kunisumbua, kazi ya kupanga herufi kiwandani inaendelea, na wino haunitoki kwenye kucha hata nikioga mara tatu, kwa hiyo usinicheke ukiona alama za vidole vyangu humu. Mpe mama mkono wangu. Mwambie mafuta ya nazi yamefika, ila chupa ilivuja njiani na sasa mashati yangu yote yananukia jikoni kwake. Kaka Hamad naye msalimie, ijapokuwa tangu aingie katika mambo ya chama hajui tena kama ana mdogo wake Tanga.

Tuje kwenye ugomvi wetu. Nimesoma maneno yako juu ya ile hadithi ya mji wa chini ya bahari niliyokutafsiria, nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kunitazama. Mwandishi kahangaika kubuni mashine ya kutengeneza pumzi, kabuni taa zinazowaka kwa mafuta ya samaki wasio na macho, wewe unamuuliza watu wake walianika wapi nguo zao kwa miaka mia tatu. Huna huruma. Lakini nimeirudia hadithi yote kutafuta, na kweli hakuna mahali pa kuanika.

Yale majarida ya Kiingereza aliyoyaacha yule fundi wa meli bado ninayo kasha zima, na kila Jumapili natafsiri kidogo. Safari hii nakuletea hadithi ya kutisha kweli. Kiko kijiji cha nchi za baridi. Kitu kinaanguka kutoka nyota ya mbali, hakina mwili, kwa hiyo kinamuua mtu, kinamvua ngozi, kinaivaa. Kinakaa na watu, kinasalimia, kinakula. Kila wiki mtu mmoja anakutwa kitandani mwake amekwanguliwa ndani kama kifuu cha nazi. Wanakijiji wanajua muuaji yumo miongoni mwao, ila hawamjui. Alama yake ni moja tu: ngozi ya kuvaa haikosi mshono. Macho ya watu yanamwangukia mgeni anayetengeneza saa nyumba kwa nyumba.

Nusu ya kwanza inaishia pale wanaume wamesimama na mashoka mlangoni kwa fundi saa. Nusu ya pili nitaileta na chombo kijacho. Wasomee wanawake wako wa karafuu, uniambie wamesemaje.

Ndugu yako, Shaame.

* * *

Vitongoji, 9 Agosti 1960

Kwa ndugu yangu Shaame.

Waalaykum salaam. Barua yako ilikaa Wete siku sita kabla ya kupata gari. Sisi wazima. Mama goti linamuuma lakini ulimi haumuumi, asubuhi hii kamtukana kuku mpaka nikamwonea kuku huruma. Hamad haonekani nyumbani ila kwa kula. Siasa imewaingia watu hapa mpaka kwenye maji ya kunywa. Kisima kimegawiwa saa, asubuhi wao wa chama kile, jioni sisi wa chama cha Hamad. Duka la Khatib hatununui, na watu wake hawapandi gari la Mbarouk. Mwezi uliopita alikufa mama mzima wa watu, nusu ya mji haikwenda kumzika, naye alikuwa mkunga aliyewatoa nusu hiyo hiyo matumboni mwa mama zao. Mimi nilikwenda. Hamad hakusema nami siku tatu.

Hadithi imefika katikati ya uchumaji, na karafuu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanavunjika. Wanawake tunakaa alasiri kwenye majamvi ya Hamad, tunachambua, vijiti vya makonyo huku, karafuu huku, na kwa kuwa mimi peke yangu nimekwenda skuli, wenzangu wananichambulia fungu langu ili mikono yangu ishike karatasi. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi, kulishwa kwa kusoma.

Nimesoma mpaka fundi saa alipoingia, ndipo Bi Mwanakhamis akaliweka pakacha lake chini.

"Hatwendi mbele," akasema. "Ntu huyo ntoto wa nani, na kakaaje?"

Unajua mambo yetu. Hapa huwezi kumtaja mtu akaelea hewani. Wataka kumjua baba yake, kiambo chake, anatembeaje, ana pengo au hana. Jina la Kizungu uliloliandika halikuwafaa kitu. Na saa nani anayo hapa? Ikanibidi nimgeuze. Nikamfanya fundi wa taa. Nikasema mrefu, mpole wa sauti, ana mkoba wa mabati begani na chuma cha kulehemia mkononi, na mshono wa ngozi yake uko shingoni, chini ya sikio la kushoto, pameng'aa kama pameungua.

Wakacheka mpaka karafuu zikamwagika. Wote wamemjua. Ni Jaribu bin Mgeni, fundi taa, yule wa watu wa bara wanaokaa upande wa juu wa kisima, aliyerukiwa na lihamu ya moto alipokuwa mdogo. Usiniulize kwa nini ni yeye aliyenijia kichwani. Alipita kesho yake kuchukua kandili ya Bi Mwanakhamis, wakamwita Mtu wa Nyota, naye akainamisha kichwa akawaonyesha kovu, akawauliza nani anataka kuwa wa kwanza kukwanguliwa. Kilikuwa kicheko cha watu wote, wao na sisi, na kicheko cha namna hiyo sijakisikia hapa tangu mwaka juzi.

Lakini harakisha nusu ya pili. Nimewaachia watu mashoka mlangoni na kila siku wananidai. Wengine wameanza kuota. Tena mtoto wa Masika, jirani yetu, ana homa kubwa, na wiki iliyopita Jaribu alitengeneza taa nyumbani kwao, na nimesikia neno limesemwa. Limesemwa kwa mzaha, lakini limesemwa.

Mama anakusalimu, anauliza unaoa lini.

Kazija.

* * *

Tanga, 2 Septemba 1960

Kwa dada Kazija.

Salamu nyingi na kwa mama pia, mwambie naoa mwaka atakapoacha kuniuliza. Huku joto, na kiwandani tumepata kazi ya kuchapa mabango ya siasa ya vyama vya huku, nafika nyumbani macho yamepasuka.

Umenifurahisha mno. Fundi taa. Ni bora kuliko fundi saa wa mwandishi, na kovu la kuungua limeshinda mshono wake. Ningekuwa na anwani yake ningemwandikia akubadilishie.

Nusu ya pili bado. Kuna mahali hapanikai sawa, nataka kupafikiri. Na nikwambie kweli, napenda kuwafikiria wote mmekaa kwenye majamvi mnaningoja mimi. Waache wangoje. Wakiota, ndiyo dalili kwamba hadithi imefanya kazi yake. Mtoto wa Masika atapona, homa za msimu wa karafuu unazijua.

Shaame.

* * *

Vitongoji, 21 Septemba 1960

Kwa Shaame.

Salamu. Mama mzima. Sisi wengine sijui nikueleze vipi.

Mtoto wa Masika alikufa Jumapili ya tarehe kumi na moja. Alikuwa amekonda vibaya, na mkosha maiti akatoka nje akasema tumbo limeingia ndani kama hakuna kitu. Hakukusudia ubaya, alikuwa anasikitika. Lakini neno lilishuka njiani likawa jingine, na lilipofika kisimani lilikuwa limekuwa: mtoto amekwanguliwa.

Jumatano alasiri tulikuwa tunachambua. Jaribu alikuja na kandili mbili za kurudisha. Hakuna aliyemwita Mtu wa Nyota. Bi Mwanakhamis aliipokea yake kwa ncha ya kanga. Nikataka kumwambia aende, ondoka sasa hivi, na sikumwambia, kwa sababu Hamad alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na wanaume kiasi cha kumi, wengine ni wachumaji wetu, na Masika alikuwa mbele yao bila viatu.

Hamad hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu anayesema na wateja, "Hebu njoo hapa, bwana fundi, watu wataka kukutazama shingo." Jaribu akaweka mkoba chini. Alidhani ni mchezo ule ule, akainamisha kichwa mwenyewe, Shaame, akawapa shingo mwenyewe. Mtu akamkamata nywele. Wawili wakamlaza kwenye karafuu. Masika akamkalia mgongoni analia, anamwita mwanawe kwa jina.

Chuma cha kulehemia alikuwa bado amekishika. Mtu mmoja akaogopa kile chuma, akapiga panga, na mkono ukakatika juu kidogo ya kifundo, haukutoka wote, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Hapo ndipo alipolia. Damu ilikwenda mbali kuliko nilivyojua damu inaweza kwenda, ilimfika Bi Mwanakhamis kwenye kanga. Wanawake wakakimbia na mapakacha yao. Mimi sikukimbia. Nilisimama na karatasi zako mkononi.

Hamad akapiga goti. Akaweka ncha ya panga kwenye lile kovu, chini ya sikio la kushoto, pale pale niliposema, akapafungua. Hakupiga, alifungua, kwa taratibu, kama mtu anayepasua samaki. Alikuwa anawaonyesha. Walikuwa wanachungulia.

Jaribu alinitazama mimi. Alisema, "Kazija, wambie mie ntoto wa nani."

Nilijua. Nililijua jina la baba yake na babu yake, nilijua nyumba aliyozaliwa. Ningeweza kulisema, neno lile moja watu hawa wanalolihitaji kabla ya kumhesabu mtu kuwa mtu. Mdomo wangu ulifunguka na hakikutoka kitu. Hamad akaniangalia, kisha akakata tena.

Watu wake wa juu ya kisima walikuja na mapanga yao, wakamchukua. Walichoma kibanda cha majamvi na kumvunja mchumaji mmoja taya. Wetu wakaenda wakachoma nyumba tatu kule. Askari walifika saa mbili baadaye. Jaribu yuko hospitali, anapumua. Karafuu zile zilizolowa zikaanikwa kando, kisha zikachanganywa na nyingine. Rangi haionekani zikikauka.

Askari wanauliza. Hakuna mtu hapa aliyeona kitu.

Nusu ya pili iko wapi?

Kazija.

* * *

Tanga, 5 Septemba 1960

Kwa dada Kazija.

Salamu njema kwa wote. Naandika kwa haraka kwa sababu chombo kinaondoka. Nusu ya pili ndiyo hii, nimeimaliza leo. Utaona wanakijiji wanavunja mlango na kumkata fundi, halafu wanakuta ndani yake damu na nyama na mifupa tu, mtu kama wao, na wanabaki wanatazamana hali kitu chenyewe bado kimo kati yao. Nadhani ni mwisho mzuri. Wasomee mapema ili watulie.

Mpe Masika pole yangu kwa mtoto wake.

Shaame.

* * *

Vitongoji, 18 Oktoba 1960

Kwa Shaame.

Salamu zimekufika.

Jaribu amekufa. Aliishi siku kumi na moja. Nilikwenda hospitali ya Chake mara mbili, mara ya kwanza ndugu zake walinifukuza, mara ya pili walinihurumia. Jeraha la shingo lilikuwa limeoza, harufu ilikuwa inatoka mpaka uwanjani. Hakuweza kusema. Nilimshika mkono uliobaki.

Barua yako imefika tarehe kumi, na juu imeandikwa tano Septemba. Muhuri wa posta ya Tanga ni wa tarehe nne Oktoba. Ungeweza kuniambia chombo kilichelewa, ningeamini, vyombo huchelewa. Lakini humo ndani unampa Masika pole. Tarehe tano Septemba mtoto wa Masika alikuwa hai, amekaa kitandani anakunywa uji. Kufa kwake nilikuandikia mimi tarehe ishirini na moja. Kwa hiyo ulisoma barua yangu yote, ukasoma alivyofunguliwa shingo, kisha ukakaa mezani ukaandika salamu njema kwa wote.

Unipe jibu moja tu. Mwandishi wako alimaliza vipi?

Sasa nikwambie nilichokuficha mimi, maana nimechoka kubeba. Mwezi wa Juni Jaribu alimtuma mzee wao kuja kuniposa. Miaka minne nimeachwa na mume, nimekaa katika nyumba ya kaka nikihesabiwa vijiko vya sukari, na mtu mmoja tu katika mji huu alinisikiliza nikisoma bila kuuliza kitu, akangoja nimalize, kisha akasema alikuwa anafikiri juu ya yule binti wa mji wa chini ya maji. Nilitaka. Hamad alimrudisha mzee wa watu tangu uani, hakumpa hata mahali pa kukaa. Alisema dada yake haendi kwa watu wa bara mwaka wa uchaguzi.

Wanawake walipoulizia fundi kakaaje, nilimweleza yeye kwa sababu ndiye niliyemwona nikifumba macho. Nilitaka tu kumsema mbele ya watu bila mtu kujua kwamba namsema. Basi.

Na Hamad haamini habari za nyota. Hilo ulijue. Masika aliamini, Mungu amsamehe, alikuwa amezika mtoto siku tatu tu kabla. Wale wengine waliamini nusu. Hamad alipokuwa anafungua lile kovu, macho yake hayakuwa kwenye jeraha. Yalikuwa kwangu.

Amekamatwa yeye na wawili wengine, kisha akaachiwa kwa dhamana kwa kukosa mashahidi. Analala chumba cha pili. Mkuu wa polisi kanifuata mara tatu. Kesi ni Desemba, jaji atatoka Unguja. Ikiwa hakuna wa kusema, atarudi nyumbani moja kwa moja, na mimi nitampakulia chakula.

Kazija.

* * *

Tanga, 6 Novemba 1960

Kwa dada yangu Kazija.

Salamu, na Mungu amrehemu Jaribu. Sina habari za kukupa za huku. Nakwenda kazini, narudi.

Ni kweli. Niliandika baada ya kupata barua yako. Ile tarehe niliitia makusudi, ili uone kwamba nilikuwa nimeshaileta na bahari ndiyo iliyochelewa. Siku mbili baada ya kuisoma barua yako sikula.

Umeuliza mwandishi alimaliza vipi. Katika hadithi yake fundi saa ndiye hasa muuaji. Wanavunja mlango, wanamkata mshono, ngozi inaanguka sakafuni na ndani yake kinatoka kile kitu, wanakichoma moto na kijiji kinaokoka. Wanaume wale wanakunywa na kuimba. Mimi mwisho ule haukunipendeza, niliona ni wa kijinga, mtu yeyote angeubahatisha. Ndiyo maana nilikaa nao wiki sita natafuta wangu. Nilikuwa najiona mwandishi. Wakati wewe unaniandikia neno limesemwa, mimi natafuta mwisho mzuri. Na kama ningeleta ule wa kwanza kwa wakati, ungewasomea kwamba waliomkata walikuwa na haki, na wangemkata mapema zaidi. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni upande ambao mimi sina mkono.

Lakini sikiliza, dada. Usiende mahakamani. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya. Hamad ni mbaya, sasa najua, lakini ukisema ulichokiona watamnyonga au watamfunga mpaka azeeke, na hakumrudishi Jaribu. Mama atakaa na nani? Watu wetu watakuchomea nyumba kwa kumuuza kaka yako, na watu wa Jaribu hawatakuona wao, watakuona dada wa muuaji. Wewe utakuwa huna upande wa kisima. Njoo Tanga. Nina chumba. Nitamwambia bwana wa kiwanda, unajua kusoma kuliko nusu ya watu walioko. Mtaje Hamad kwa Mungu, umwache huko.

Nisamehe kama waweza.

Shaame.

* * *

Vitongoji, 10 Februari 1961

Kwa ndugu yangu Shaame.

Assalaam alaykum. Mfungo umekaribia, hali ya hewa ni ya jua kali, mama goti lake halijambo. Umeandika mara tatu nami sikujibu. Sasa najibu.

Nilikwenda. Nilipanda gari peke yangu, watu waliokuwa wamekaa nami wakahamia viti vya nyuma. Chumba cha mahakama kilijaa, upande huu wao, upande huu sisi, na askari wenye bunduki kati. Hamad alikuwa amevaa kanzu niliyoipiga pasi mimi.

Nilisema yote. Nani alimshika nywele, nani alimkalia, nani alikata mkono, nani alipiga goti. Jaji aliniuliza kama nina uhakika ni kaka yangu, nikasema nimemfulia nguo miaka minne, namjua. Wakili wa Hamad alikuwa mjanja. Alitaka hukumu ipungue, akataka ionekane ni ujinga wa watu wa shamba. Akaniuliza nani aliyewaambia wanakijiji kwamba mshono uko shingoni. Nikasema mimi. Akauliza hadithi ilisema hivyo? Nikasema hapana, hayo niliyatia mimi. Akauliza kwa nini. Nikasema marehemu aliniposa nami nilikuwa nimemkubali, na kaka yangu alijua. Watu walitoa sauti, jaji akagonga meza. Mama alikuwa safu ya pili. Hilo hata yeye alikuwa halijui.

Kisha wakaniambia nimtambulishe marehemu, kwa ajili ya daftari lao. Nikageuka, Shaame, sikumtazama jaji, niliwatazama wa kwetu. Nikasema Jaribu mtoto wa Mgeni mtoto wa Ame, baba yake alichimba kisima mnachogombania saa zake, amezaliwa Vitongoji katika nyumba mliyoichoma. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimechelewa miezi mitatu. Bi Mwanakhamis alijifunika uso. Wengine walinitazama vile vile kama kabla sijasema, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Hamad kapata miaka kumi na minne. Masika saba, na yule wa tatu saba. Wamepelekwa Unguja. Juu ya nusu yako ya pili sikusema kitu mahakamani, hakuna aliyeuliza. Wanawake nao hawaniulizi tena. Nilizichoma karatasi zote mbili jikoni, ya kwanza na ya pili, na majarida yako usiniletee.

Nyumba yangu haikuchomwa. Kilichotokea si ulichokihofu, ni kingine. Kwenye majamvi siitwi. Kisimani nateka mchana wakati hakuna saa ya mtu. Tanga siji. Chumba chako kizuri, lakini mama hataki kutoka katika nyumba hii, na hakuna mwingine wa kumkanda goti. Ananiacha nilikande. Hajanisemesha tangu Desemba, ananyoosha mguu tu.

Ila Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala mama huleta kigoda, akanipa mgongo, akaanza kusema na ukuta. Anamwandikia Hamad. Katika nyumba hii mwenye kujua kuandika ni mimi peke yangu, na kumpa mtu wa nje asikie siri zake hawezi. Basi anasema, mimi naandika. Anamwambia mwanawe ale, avumilie, asali. Kisha anafika kwangu. Ananiita yule nyoka niliyemzaa. Anamwomba Mungu anifunge kizazi na anifunge macho. Wiki iliyopita alimwambia Hamad kwamba siku nitakapokufa hatanikosha. Nikamaliza sentensi, nikangoja, akaniuliza, kwa ukuta, kama hilo limeandikwa. Nikasema limeandikwa, mama.

Majibu ya Hamad yakija namsomea mimi, kwa sauti, yote, na yaliyo juu yangu pia. Sipunguzi neno wala siongezi. Leo ni Ijumaa, wameshatoka msikitini, nasikia kigoda kinaburutwa, kwa hiyo naishia hapa.

Kazija.